Teresia wa Lisieux na Mambo Madogo ya Kila Siku

Katika nyumba nyingi za Wakristu yaonekana ukutani picha ya Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu: sista kijana, msalaba mikononi, mawaridi tele. Twamwomba atuombee watoto wagonjwa na mitihani ya shule. Ni vema. Lakini wangapi kati yetu wamesoma kitabu chake? Mtakatifu tunayemjua kwa picha tu ni kama mjomba akaaye mbali: twamkumbuka siku ya shida, wala hatujui anavyoishi.

Kitabu chenyewe kwa Kifaransa chaitwa Histoire d'une âme, maana yake Historia ya Roho. Kilitolewa mwaka 1898, nakala 2.000, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Alikufa mwenye miaka 24, na tangu miaka 15 aliishi ndani ya monasteri ya Wakarmeli ya Lisieux, huko Ufaransa.

Niseme wazi, ndugu msomaji: mara ya kwanza kitabu hiki kilinishinda. Maua, machozi, mtoto mdogo mikononi mwa Baba: lugha yake ni tamu kupita kiasi, kama chai ya vijiko vitano vya sukari. Kosa si lake peke yake. Dada yake Pauline, aliyeitwa Mama Agnès katika utawa, alisahihisha daftari zile kabla ya kuzichapisha. Maandiko kama Teresia alivyoyaandika kwa mkono wake yalitolewa mwaka 1956 tu. Mwenye kutaka kusoma na atafute hayo, maana ndani yake twamsikia mwenyewe.

Mara ya pili nilikisoma nikiwa na kinyongo. Katika kwaya yetu alikuwamo ndugu mmoja aliyeimba kwa kelele karibu na sikio langu kila Dominika, tena hakupokea shauri la mtu. Tulifika kiasi cha kutosalimiana. Hata amani ya Bwana nilimpa kwa ncha za vidole. Ndipo nikafika mahali Teresia anaposimulia habari ya sista mmoja aliyekaa nyuma yake wakati wa sala ya jioni. Sista yule alikuwa akifanya sauti ndogo, kama kombe mbili zinazosuguana, bila kukoma. Teresia alitamani kugeuka na kumkazia macho. Alitokwa na jasho kwa kujizuia. Mwishowe aliamua kuisikiliza sauti ile kama muziki mzuri, na kumtolea Yesu muziki ule uwe sala yake. Nikafunga kitabu kwa aibu.

Kumbe kitabu kimejaa mambo ya namna hii. Sista mwingine alimrushia maji machafu usoni walipofua nguo, naye hakurudi nyuma. Sista mmoja mzee, mgonjwa, alipaswa kuongozwa kila jioni mpaka chumba cha kulia, akinung'unika njia nzima: mara waenda upesi, mara sikusikii mkono wako. Teresia alimwongoza, kisha akaona kwamba mikono ya yule mama yapata shida kukata mkate. Akamkatia, na kumwachia tabasamu kabla ya kwenda zake. Yeye mwenyewe alisinzia katika sala, wala hakukata tamaa: wazazi huwapenda watoto wao hata wanapolala. Na tangu Pasaka ya mwaka 1896 hata kufa kwake, giza kubwa lilifunika imani yake juu ya mbingu. Aliendelea kutabasamu na kukata mkate.

Hapa ndipo penye thamani ya kitabu. Wengi hudhani watakatifu ni watu wa miujiza, nasi hatuna la kujifunza kwao ila kushangaa. Teresia atuonyesha kwamba siku yetu, pamoja na jirani yetu msumbufu, yatosha.

Lakini tujihadhari. Nimesikia watu wakimwambia mwanamke apigwaye nyumbani: “Vumilia kama Teresia.” Huko ni kukisoma kitabu vibaya. Teresia anena juu ya kelele ndogo na maji ya kufulia, si juu ya uovu. Tazama Mwenyeheri Isidore Bakanja wa nchi yetu, aliyekufa mwaka 1909 kwa majeraha ya kiboko kwa ajili ya skapulari yake. Alimsamehe aliyempiga, lakini imani yake hakuiacha, wala hakuficha sababu ya kupigwa kwake. Kusamehe uovu si kuuita wema.

Vilevile tusiige matendo yenyewe. Mama mwenye watoto sita hawezi kuishi kama mtawa, wala Mungu hamwombi hivyo. Tuige njia: kulipokea jambo dogo lililo mbele yetu na kulifanya kwa upendo. Hata Mwenyeheri Anuarite, aliyeuawa Isiro mwaka 1964, twapenda kusimulia usiku wake wa mwisho; tusisahau siku nyingi za kazi na utii zilizoutangulia.

Teresia hakufika Afrika. Lakini alimwandikia barua na kumwombea kijana Maurice Bellière, aliyeingia shirika la Mapadri Weupe, wale wale waliohubiri Injili Mpala na Baudouinville, mji uitwao leo Moba. Naye akatumwa Nyasaland, ndiyo Malawi ya leo. Mwaka 1927 Papa Pius XI alimfanya Teresia msimamizi wa misioni. Basi si mgeni kwetu.

Sikukuu yake ni tarehe 1 Oktoba. Tusingoje siku hiyo. Tusome ukurasa mmoja jioni, kisha tujiulize: leo nani amenirushia maji machafu, nami nimemjibu nini? Yule ndugu wa kwaya aimba kwa kelele hata sasa. Lakini twasalimiana.