Mama Anayepiga Picha za Familia za Wengine

Siku moja pale steji nilimwona dada mwenye mimba kubwa, amesimama huku anasinzia. Kichwa kinashuka, kinashuka hadi karibu na magoti, na bado haanguki. Unga. Makanga akampigia kelele ati aamke kabla mtoto hajalala naye. Watu wakacheka. Nami nilicheka.

Nimemkumbuka nikitazama Earth Mama, filamu ya 2023 ya Savanah Leaf (ndiyo, yuleyule aliyeichezea Uingereza voliboli kwenye Olimpiki ya London 2012). Gia, anayeigizwa na mwanarapa Tia Nomore, anaishi upande wa Oakland, California. Ana mimba iliyokomaa, watoto wake wawili wamechukuliwa na serikali, na anapambana kukaa mbali na dawa. Sasa kazi yake: anapiga picha za familia studioni. Siku nzima anawatazama watu wakikumbatiana mbele ya pazia lililochorwa, halafu wanawe anawaona kwa muda wa kupimiwa, msimamizi akiwa palepale. Leaf hasemi lolote juu ya hilo. Anaacha kamera itulie, basi.

Kinachouma zaidi ni hesabu. Ili arudishiwe watoto, lazima ahudhurie masomo. Masomo yanakula saa za kazi. Bila kazi hana pesa, na bila pesa nani atamkabidhi mtoto? Miss Carmen anamfungulia mlango wa kumpa mtoto familia nyingine. Rafiki yake Trina anaona hiyo ni dhambi. Wote wawili wanampenda. Mzigo unabaki kwa Gia.

Na makovu ya zamani? Hatuletewi kumbukumbu za utotoni zenye kinanda cha huzuni. Wanawake wanakaa kwenye kikundi na kusimulia wenyewe, sisi tunasikiliza. Hapo filamu imenifundisha adabu.

Ugomvi wangu ni huu. Zile ndoto za msituni, miti mirefu na ukungu, ni nzuri, lakini zinatupumzisha mahali ambapo hatukustahili kupumzika. Pia tunaona ofisi na madarasa mengi, matibabu kidogo mno. Mvutano wote unawekwa kwenye nia: Gia atakaza au atalegea? Uraibu hauendi hivyo. Tangu 2014 Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mjamzito aliyezoea heroini apewe methadoni au buprenofini badala ya kukatishwa ghafla. Hata hapa Kenya kliniki za methadoni zipo. Ukimwambia "acha tu," umemwachia kazi ya daktari aifanye peke yake, na tumbo lile.

Bado nitairudia, kwa ajili ya studio. Familia inatoka na picha zake, Gia anabaki na pazia.

Yule dada, matatu ilipojaa, hakuna aliyemwuliza anaenda wapi. Nilikuwa nimekaa dirishani.