Mpolandi Aliyefuata Gabay

Wageni wengi wanaojifunza lugha huishia kwenye salamu na bei ya nyanya. Bogumił Andrzejewski hakuwa wa namna hiyo. Mpolandi huyu, mzaliwa wa 1922 na askari wa Tobruk katika Vita Kuu ya Pili, alikwenda Somalia ya Waingereza, akajifunza Kisomali hadi akaweza kuchambua mashairi yake. Kisha akakifundisha kwa miaka mingi chuoni SOAS, London.

Na mashairi yenyewe si lelemama. Katika gabay, aina ya ushairi wa Kisomali, sauti moja hushikwa tangu mwanzo hadi tamati. Ukianza na d, kila nusu ya mstari sharti iwe na neno linaloanza na d, hata mistari ikifika mia. Sisi tuliozoea vina vya kati na vya mwisho tunalijua jasho hilo, ila wenzetu wamelihamishia mwanzoni mwa neno. Tena Kisomali hakikupata hati rasmi hadi 1972, kwa hiyo mwanafunzi alitegemea sikio, na mtu wa kumsahihisha.

Mtu huyo alikuwa Musa Galaal, mwanazuoni na mjuzi wa ushairi. Nusu ya pongezi hizi ni yake. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba walichapisha kazi pamoja, majina yote mawili yakiwa juu. Watafiti wangapi wa enzi zile waliwaacha wenyeji wao kwenye shukrani tu?

Baadaye Martin Orwin naye alifundisha Kisomali hapohapo London, akatafsiri mashairi ya mshairi Msomali Gaarriye.