Sifa ya Fundi wa Kicheko

Waendao Kilwa aghalabu huvutwa na magofu ya Kisiwani, Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, yaliyotiwa mwaka 1981 katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Nao hawakosei, maana waliojenga kwa matumbawe na chokaa wastahili kukumbukwa. Lakini Kilwa hiyo hiyo ilimzaa, mwaka 1955, fundi ambaye kazi yake haikuacha ukuta wala nguzo: Said Ngamba, aliyejulikana nchini kote kwa jina la Mzee Small, mwigizaji wa vichekesho.

Kabla ya televisheni kuanza Tanzania Bara mwaka 1994, kichekesho kilikuwa na makao yake katika kumbi za burudani, ambamo vikundi kama Muungano na TOT viliwakusanyia watu ngoma, taarabu, sarakasi na maigizo kwa kiingilio kimoja. Aghalabu mchezo haukuandikwa: kiongozi alisimulia kisa, akagawa nafasi, na maneno yakaachiwa kariha ya mwigizaji, ayazue papo hapo mbele ya kadamnasi. Asiyeijua kazi hii huidhania nyepesi. Kumbe mchekeshaji hana budi kuusikiliza ukumbi kama nahodha asikilizavyo upepo. Kicheko kikipanda, hunyamaza, kwa kuwa neno litakalosemwa wakati huo halitasikika. Kikianza kushuka, nacho hakijatulia, hapo ndipo hutia neno la pili. Akiwahi amejikatizia mwenyewe, na akichelewa hadhira imekwisha poa.

Elimu hiyo Mzee Small alikuwa nayo tele, na ilidhihiri zaidi alipoigiza pamoja na Bi Chau, aliyezoeleka kuwa mkewe katika michezo. Mambo ya ndani ya nyumba, ambayo mtu mzima huona haya kuyataja hata kwa nduguye, waliyaweka hadharani bila ya kumvunjia mtu heshima. Kwani mchekeshaji wa kweli hujitwika aibu yeye mwenyewe, na mtazamaji, huku akimcheka mume yule wa jukwaani, huitambua ila yake bila ya kunyooshewa kidole. Nasaha ambayo ingezua ugomvi ikitoka kwa jirani hupokewa kwa bashasha ikitoka kwake.

Baada ya kusumbuliwa na kiharusi, alifariki dunia katika Hospitali ya Muhimbili tarehe 7 Juni 2014. Na miaka minne baadaye akafuata Amri Athumani wa Tanga, yule King Majuto, hodari mwenziwe. Maadamu ujuzi wao haukuandikwa, hurithiwa kwa kutazama na kuigiza pamoja na aujuaye. Kwa hiyo heshima wanayoistahili mafundi wa namna hii ni kupewa wanafunzi na riziki ya kutosha wangali na siha, kwa sababu taifa linalowangoja wafe ndipo liwasifu hupoteza mtu na elimu yake kwa siku moja.