Deni la Mchongaji wa Ubembe

Baadhi ya kazi za wachongaji wa kale wa Ubembe leo zinatunzwa Tervuren, Ubelgiji. Lakini makumbusho ya kwanza ya kazi hizo yalikuwa ua wa fundi, huku Fizi, mashariki mwa Kongo.

Barakoa ya alunga, kofia ya mti yenye nyuso mbili, mbele na nyuma, ilianza kama gogo tu. Fundi alilichonga kwa tezo akifuata nyuzi za mti; pigo moja likipotoka, kazi ya siku nyingi imekwisha. Alilikinga na jua lisipasuke, na mchwa wasilitafune.

Kwenye vibao vya makumbusho, mara nyingi kabila limeandikwa, jina la fundi halipo. Macho yale makubwa ya barakoa bado yanatutazama. Yanadai.