Lala Ziwani, Kahawa Unywe Mbinga

Nianze na jibu kabisa, maana nikianza na maelezo nitajikuta nimevuka mpaka Malawi: kama una wikiendi moja tu ya Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa, lala Mbamba Bay, chumba chenye baraza upande wa maji, na usihame kitanda mpaka siku ya kuondoka. Mbinga pita asubuhi, unywe kahawa, ununue nyingine ya kubeba, kisha ushuke. Liuli, hukohuko mwambaoni, nenda ukarudi. Hukumu ndiyo hiyo. Sasa niacheni nipige kelele: jamani, pahala hapa palikuwapo siku zote, mbona tulikuwa tunarundikana ufukwe uleule mmoja kila sikukuu?

Ukweli ni kwamba zamani kidogo ushauri huu ungekuwa wa kukukomoa. Kilomita 66 za kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay zilikuwa za udongo, zikipanda na kuteremka Milima ya Umatengo, na masika lori likikwama mbele yenu, safari iliishia hapo. Mtu mwenye siku mbili hakuthubutu. Alilala Mbinga akijipumzisha, akafika ziwani mchana amechoka, akapiga picha, akageuza. Leo ni lami mwanzo mwisho, iliyojengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika na kuzinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Septemba 2024 alipokuwa ziarani Ruvuma. Ongeza kilomita mia moja hivi za lami kati ya Songea na Mbinga, na hesabu yote ya mahali pa kulala inageuka. Ukitua Songea kwa ndege ya asubuhi, jua linazama ukiwa na miguu mchangani.

Na huo mteremko wenyewe! Mbinga iko juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na Juni au Julai bila sweta utatetemeka. Ziwa liko chini ya mita 500. Kwa hiyo unaondoka umejifunika kanga mabegani, na kila kona unavua kitu. Dirishani yanapita mashamba ya ngoro, na hapo mwambie dereva apunguze mwendo kama gari ni lenu. Wamatengo, wenyeji wa milima hii, hufyeka nyasi, huzipanga kwa mistari inayokatizana juu ya mteremko, kisha huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuufukia juu ya zile nyasi. Yanabaki tuta kwa tuta na shimo kwa shimo mlima mzima. Mvua ikija, maji hutulia shimoni badala ya kuporomoka na udongo, na nyasi huozea chini kuwa mbolea. Nilikuwa nimeona picha. Picha haikuandai kwa mlima mzima uliosukwa hivyo, mkali kiasi kwamba unajiuliza mkulima anasimamaje.

Halafu kona moja, na ziwa lote liko chini yako. Nilipiga yowe. Abiria wenzangu kwenye kosta, wenyeji wote, waliendelea na simu zao.

Tuje kwenye vitanda. Waliozoea kwenda Paris au Roma kwa siku mbili wana kanuni yao: ama ulale kwa bei nafuu karibu na stesheni, ama ulipe zaidi ulale katikati ya mji wa kale na kila kitu ukifikie kwa miguu. Kwa safari fupi wengi huchagua la pili, kwa sababu muda ni ghali kuliko chumba. Huku kanuni ni ileile, ila stesheni yetu ni stendi ya Mbinga na mji wa kale wetu ni mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Lala karibu na mwalo.

Mbinga mjini: gesti ni nyingi kuzunguka stendi na sokoni, na kwa kiwango cha mji wa kahawa ziko vizuri. Chumba selfu, blanketi zito, na ukibahatika hita ya maji inayofanya kazi. Iulizie kabla hujalipa, kwa sababu asubuhi ya Julai maji ya bomba hapo yanauma. Faida yake kubwa ni kwa anayefika usiku na basi la mbali: shuka, lala, amka. Nyingine ni kahawa. Hapa ni nyumbani kwa arabika ya kusini, na katikati ya mwaka msimu unapochanganya, mji mzima unazungumza bei, vyama vya msingi na uzito wa magunia. Unaona vichanja vya kahawa iliyokwishamenywa, punje nyeupe zenye ganda, na watu wameinama wakichambua mbovu moja moja kwa vidole. Tafuta kikombe cha kahawa ya hapahapa, iliyokaangwa hapahapa. Ukiletewa maji ya moto na kopo la kahawa ya unga ya dukani, simama uondoke kwa adabu, jaribu mlango wa pili.

Nyumba za masista na mashirika ya dini: hizi ndizo siri ya ukanda huu. Mbinga ni makao ya jimbo Katoliki lenye udugu wa muda mrefu na Jimbo la Würzburg la Ujerumani, ndiyo maana kanisa kuu lao limepewa jina la Mtakatifu Kilian, msimamizi wa Würzburg. Huko mwambao, Liuli ni ngome ya Waanglikana tangu enzi za wamisionari wa shirika la UMCA. Popote penye misheni kongwe pana vyumba vya wageni, na shuka zake zimenyooshwa kwa pasi mpaka unaona aibu kuzikalia. Chakula kwa saa yake, ua umefagiliwa kabla hujaamka, na hakuna muziki. Lakini geti hufungwa mapema, na bia usiulize. Kwa familia yenye watoto, au mtu aliyekuja kulala usingizi wa kweli, naweka nyumba hizi juu ya hoteli nyingi nilizolipia mara tatu ya bei hiyo.

Gesti za Mbamba Bay mjini: ndogo, rahisi, na mwendo wa dakika chache tu kufika mwalo. Mji wenyewe ndio makao makuu ya Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, na bado una tabia ya kijiji ambapo kila mtu anajua umefikia wapi kabla hujafungua begi. Ubaya ni kelele za baa za Jumamosi. Uzuri ni asubuhi. Mitumbwi iliyokesha na taa ikivua dagaa inarudi, akina mama wanasubiri na beseni, bei inatajwa, inakataliwa, inatajwa tena, na ndani ya muda mfupi dagaa wamemwagwa kuanikwa, fedha tupu, huku mtoto mmoja kapewa fimbo ya kufukuza kunguru. Ukilala mbali utasimuliwa tu.

Loji na kambi za ufukweni: hapa ndipo nilipopoteza busara. Mchanga mpana, mawe makubwa ya mviringo yaliyorundikana mpaka majini, na maji maangavu kiasi kwamba ukisimama kiunoni unahesabu vidole vya miguu na samaki wadogo wa bluu na njano wanavikagua. Hao si wa kubeza: Nyasa, ziwa la tatu kwa ukubwa Afrika na lenye kina cha karibu mita 700, lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lolote lingine duniani, na wengi wao hawapo pengine popote. Watu Ulaya wanawafuga kwenye vioo sebuleni. Wewe unaoga nao.

Ila uliza maswali. La kwanza ni la dirisha. Ziwa liko magharibi, kwa hiyo jua huzama mbele ya baraza yako, na hilo ni onyesho la kukufanya usahau chai. Lakini jua hilohilo hupiga ukuta huo tangu saa nane mchana. Mhudumu mmoja alinipa somo zima kwa sentensi moja: “Dada, unataka chumba cha kuangalia ziwa au cha kulala?” Nilitaka vyote. Akanipa chenye baraza pana yenye paa la nyasi, madirisha ya pande mbili yanayopitisha upepo, na feni. Hicho ndicho cha kuomba. Chumba cha kioo kikubwa kisicho na kivuli waachie wapiga picha.

La pili: umeme ukikatika kuna nini? La tatu: neti. Iteremshe mwenyewe, itazame dhidi ya mwanga, na ukiona tundu omba nyingine kabla jua halijazama, siyo baada. La nne: kuogelea wapi. Mwambao wa Nyasa una kichocho katika sehemu zake, hasa penye majani na maji yaliyotulia, na karibu na midomo ya mito mamba si hadithi. Waulize wavuvi, oga kwenye mchanga wazi au penye mawe, na ukirudi nyumbani pima, dawa ipo. Na kati ya Juni na Agosti upepo wa kusi huchafua ziwa, kwa hiyo panga safari za mtumbwi asubuhi.

Liuli sasa. Kulala huko ni kwa mpenda historia, mwingine atosheke na kutwa. Jiwe la Pomonda limesimama pale majini, na wenyeji husimulia jinsi watu walivyojificha pangoni mwake wakati wa vita vya Wangoni. Wajerumani waliliona kama sanamu ya Misri ya simba mwenye kichwa cha mtu, wakaiita ghuba Sphinxhafen. Hapo, tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Waingereza Guendolen iliishambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa. Manahodha wawili hao, Rhoades na Berndt, walikuwa wakinywa pamoja siku za amani, na Berndt hakuwa hata amepata habari kwamba vita vimeanza. Moja ya mapigano ya kwanza ya majini ya Vita Kuu ya Kwanza, na leo akina mama wanafua nguo hapohapo. Nilitembea na tabasamu la kijinga saa nzima.

Chakula: ugali wa muhogo, mweupe na wa kuvutika, na mbasa. Huyu ni samaki mrefu, mwembamba, wa fedha, mwenye mafuta ya kutosha kujikaanga mwenyewe juu ya mkaa. Niliyeletewa alikuwa amepasuliwa mgongoni, kapakwa chumvi na ndimu tu, ngozi imekauka ikalia jinoni, na nyama ndani inamenyeka kwa kijiko. Magege pia ni watamu, dagaa wa kukaanga na pilipili ni wa kubugia kama karanga. Lakini majiko ya loji hayapiki mpaka uagize, na hayahifadhi samaki kwa ajili ya mgeni asiyejulikana kama atakuja.

Bandari mpya inajengwa Mbamba Bay, meli ya abiria MV Mbeya II inaunganisha mwambao na bandari za Kyela, na lami inaleta magari zaidi kila sikukuu. Vitanda vizuri ni vichache bado. Piga simu kabla ya kutoka Songea, taja baraza na feni, lipia chumba kwa pesa ya simu ili jina lako liandikwe kwa kalamu na siyo kwa penseli, na agiza mbasa wako ukiwa bado Mbinga na kikombe mkononi. Akiisha ameisha, na utakula wali maharage ukimtazama jirani.