Maua ya Bulabo na Suala la Ushindi

Je, Kanisa laweza kuitwaa ishara yenye maana nyingine na kuipa maana ya Kikristo? Swali hili linamhusu kila mchungaji wa Bariadi na wa Mkoa wote wa Simiyu, kwani waumini wetu walio Wasukuma huzisikia ngoma za ushindani kila baada ya mavuno. Mfano ulio karibu nao ni Bulabo ya Bujora, nje kidogo ya Mwanza.

Bulabo ni sikukuu ya Kikatoliki ya Mwili na Damu ya Kristo, na jina lake latokana na maua yanayotandazwa njiani wakati wa maandamano. Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyefanya kazi Bujora tangu miaka ya 1950, alihusika sana katika kuiunganisha na ngoma. Baada ya ibada, makundi ya Bagika na Bagalu hushindana kucheza. Twaikiri hekima iliyomo: Msukuma huisikia Injili bila kuambiwa kwanza kwamba ngoma ya babu zake ni uchafu.

Hata hivyo tuna hoja mbili. Kwanza, maandamano ya sakramenti hatuwezi kuyafuata. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 22, laonyesha kwamba yaliachwa kwa sababu kuigawa sakramenti ni kinyume cha agizo la Kristo. Pili, na hili ndilo zito zaidi, kwa desturi ya ngoma hizo mshindi ni yule aliyevuta watu wengi, na wachezaji wamezoea kutafuta dawa ya mvuto na kinga dhidi ya wapinzani. Maua yamepewa maana mpya, lakini kanuni ya ushindi imebaki ile ile.

Huko Marekani makanisa kadhaa hulieleza boga la mkesha wa Watakatifu Wote, tarehe 31 Oktoba, kuwa mfano wa moyo uliosafishwa na kutiwa nuru. Maelezo hayo ni mepesi, kwa kuwa boga halina mtu wa kulitumainia. Dawa ya ngoma inao. Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 8 hadi 10, haitazami nyama peke yake, bali na dhamiri ya ndugu anayeila.

Wala tusiwanyoshee wenzetu kidole. Mashindano ya kwaya zetu nayo yaweza kuwa na roho hiyo hiyo, pale shangwe ya watazamaji inapohesabiwa kuliko neno linaloimbwa.

Kwa hiyo twashauri: usharika unaotaka ngoma katika Sikukuu ya Mavuno uilete, lakini uondoe ushindani. Wote wacheze pamoja mbele ya sadaka za mtama na pamba. Na majuma kadhaa kabla ya siku hiyo, mchungaji na mwinjilisti wafundishe waziwazi juu ya dawa na hofu iliyo nyuma yake, ili anayecheza ajue anacheza mbele za nani.