"Picha ya Uchi" au "Mchoro wa Umbo la Mtu"?

Miongoni mwa istilahi za sanaa zinazowatatiza wafasiri wetu ni ile inayotaja mchoro wa mazoezi wa mtu aliye hai, asiyevaa nguo. Katika chuo cha École des Beaux-Arts mjini Paris, mazoezi hayo yalikuwa msingi wa mafunzo ya mchoraji na mchongaji katika karne ya 19. Mwanafunzi alianza kwa kunakili michoro, akaendelea na sanamu za plasta, na mwishowe akamchora mtu hai. Mchoro huo Wafaransa waliuita *académie*: waliupa jina la mafunzo, si la utupu.

Baadhi ya wafasiri huandika "picha ya uchi". Tafsiri hiyo ina kasoro mbili.

Kwanza, uchi si kutovaa nguo tu. Neno hilo hutaja pia sehemu za siri, na "picha ya uchi" ni jina la jambo la aibu. Tumfikirie mwalimu wa Unyambwa, mkoani Singida, ambako wanafunzi wengi huzungumza Kinyaturu nyumbani na kukutana na istilahi za Kiswahili vitabuni. Akiandika maneno hayo ubaoni, somo limekwisha kabla halijaanza, na wazazi watalalamika kwa haki.

Pili, mchongaji hachori ili apate picha ya kutundika. Huchora ili ajue uzito wa mwili unaangukia wapi, mguu upi unaubeba, na nyonga inainukaje bega likishuka. Auguste Rodin, aliyekataliwa na chuo hicho mara tatu, hakuacha kuwachora watu hai. Vyuo vya Uingereza navyo vilifundisha hivyo. Atazamaye sanamu ya Askari jijini Dar es Salaam, kazi ya Mwingereza James Alexander Stevenson iliyozinduliwa mwaka 1927, ataona kwamba chini ya sare kuna mwili unaosonga mbele. Sare huja baadaye. Umbo ndilo la kwanza.

Kwa hiyo twapendekeza "mchoro wa umbo la mtu". Kitenzi chora kinafaa, kwani tangu zamani hutaja kazi ya kalamu na vilevile ya kutia nakshi katika mbao, kama ilivyo kwa milango ya mwambao. Wako watakaosema kwamba umbo ni istilahi ya hisabati. Ni kweli, ndiyo sababu maneno "la mtu" yasiachwe. Pale inapobidi kutofautisha, isemwe "mchoro wa mtu hai" na "mchoro wa sanamu".

Hata hivyo, staha isigeuke kuwa uficho. Matini ikieleza kwamba mtu hakuvaa nguo, mfasiri aseme hivyo waziwazi. Wajibu wake ni kutoa maana kamili, bila kuiongezea aibu ambayo haimo.